Mawe ya Tabaka na Panya wa Nyansiongo

Hapakuwa na mahali penye joto Nyansiongo kushinda chumba cha panya. Nje, ukungu ulilala juu ya malisho mpaka saa nne asubuhi, na ng'ombe walipumua mvuke kama sufuria za uji. Ukifungua mlango wa chumba kile, joto lilikupokea hadi ukavua sweta bila kuambiwa. Ndiyo sababu daktari wetu alipenda kunywea chai yake humo. Alikuwa mtu wa pwani, mwembamba, mpole, aliyevaa sweta mbili na koti juu hata mwezi wa Januari, na aliyeamini kwamba alihamishiwa kwetu kwa sababu ya kosa fulani alilokwisha kulisahau. Alivuta kigoda katikati ya rafu, akashika kikombe kwa mikono miwili na kusema, "Hapa ndipo penyewe." Panya weupe walimtazama kwa macho yao mekundu, nadhani wakikubaliana naye.

Kituo chetu kilikuwa kidogo. Zamani jengo lile lilikuwa la kuhifadhia maziwa, mali ya mzungu mmoja aliyerudi kwao baada ya Uhuru. Shamba lake liligawanywa, familia zikahamia, kila moja na ng'ombe wake wa gredi, wale wa maziwa mengi, mmoja au wawili, na serikali ikaamua tuwe hapo hapo kuchunguza magonjwa ya mifugo. Ng'ombe akifa ghafla au akitupa mimba, mwenyewe alileta damu kwenye chupa. Daktari aliitazama kwa darubini, na mara nyingine alimdunga panya ili aone ugonjwa utajionyesha vipi. Mimi nilikuwa mlezi wa panya hao. Nilikuwa binti wa miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, nimetoka Tabaka kwenye machimbo ya mawe. Nyumbani walimwambia kila aliyeuliza kwamba nafanya kazi hospitali. Haikuwa uongo mkubwa sana.

Wa tatu wetu alikuwa mzee wa boila, lile tangi la kuchemshia maji kwa kuni, mwenyeji wa Birongo, Msabato wa kweli kweli. Ijumaa mchana aliuacha moto wake ufe, akapanda baiskeli na kwenda nyumbani. Jumapili jioni alirudi akiwa amenyoa ndevu na ameshiba. Kati yetu tulizungumza Ekegusii, lugha yetu Wakisii, lakini daktari akiwapo tulijitahidi kusema Kiswahili, na Kiswahili chetu kilimtesa mno.

"Panya hii imekula maji yote," mzee alizoea kusema.

Daktari alifumba macho kama aliyeguswa jino bovu. "Panya huyu amekunywa maji yote."

"Ndiyo, Daktari. Imemaliza kabisa."

Kazi tuliifanya kama tulivyoikuta. Jenereta ilinguruma kutwa kucha ili hita mbili za chumba cha panya zisizime. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nilimwaga matandiko ya kila sanduku, liwe chafu au safi. Mzee aliyaosha masanduku na kuyapitisha kwenye mvuke wa boila, na kwa kazi hiyo rundo la kuni za miti ya miwati lililokuwa refu kunishinda liliisha kabla mwezi haujaisha. Matandiko yenyewe yalikuwa maranda ya mbao, yaliyoletwa na lori kutoka kiwanda cha mbao mbali kabisa. Yaliyotumika tuliyatupa shimoni, tukayamwagia dizeli na kuyachoma. Kwa hiyo dizeli iliwapasha panya joto, dizeli ikachoma matandiko yao, na dizeli ikaleta mengine. Sikuwahi kujiuliza lolote. Nilidhani sayansi ndivyo ilivyo.

Jambo moja tu ndilo lililonisumbua. Majike wote walizalishwa mfululizo, ili daktari asije akapungukiwa, naye alihitaji wachache sana. Waliobaki, mwisho wa mwezi, waliuawa. Daktari aliifanya kazi hiyo mwenyewe kwa dawa ya usingizi ndani ya chupa kubwa, kwa sababu mimi nilishindwa, na siku hiyo hakunywa chai chumbani. Aliinywa nje, amesimama, akitetemeka.

Kisha ukaja ule wakati mafuta yalipoadimika. Redio ilitaja nchi za mbali zilizofunga mabomba yao, na hata sisi huku juu tukaambiwa tujibane. Barua ilitoka makao makuu. Daktari alitukusanya kwenye rundo la kuni, mahali tulipofanyia mikutano yetu yote, akaisoma kwa sauti. Dizeli yetu ingekatwa nusu. Kituo kitakachoshindwa kutunza wanyama kwa kiasi hicho kiwaue, kifunge chumba, na sampuli zote zipelekwe Nairobi.

"Kwa hivyo panya inafukuzwa kazi," mzee alisema.

"Na sisi pamoja nayo," daktari alijibu. Nilijua mambo yameharibika, kwa kuwa alisahau hata kumsahihisha.

Niliwafikiria wale wakulima na chupa zao za damu. Nairobi ilikuwa safari ya siku nzima, na ugonjwa wa ng'ombe haungojei majibu ya posta. Niliifikiria pia kazi yangu, sitajifanya mtakatifu. Tulikaa tu juu ya zile kuni mpaka mzee akasema maji yanachemka, akaondoka.

Jawabu la kwanza lilikuja bila kualikwa. Lori la maranda nalo liliacha kuja, maana hata wao hawakuwa na mafuta. Masanduku yangu yalikuwa karibu kuishiwa matandiko. Nyansiongo haina migomba ya maana, baridi yake inaikataa, lakini Birongo ni migomba mitupu. Ijumaa ile nilimwambia mzee, "Ukirudi niletee majani makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia."

"Ya kufunikia nini?"

"Ya kulalia panya."

Alinitazama, akapanda baiskeli. Jumapili alirudi na mzigo mkubwa uliomficha mpaka ikaonekana kama kichaka kinajiendesha chenyewe barabarani. Daktari aliagiza majani yapitishwe kwenye mvuke kwanza ili yasituletee wadudu. Tukayaanika, nikayachanachana na kuyagawa, kila sanduku fungu lake.

Asubuhi iliyofuata niliingia nikakuta masanduku hayana panya. Nilisimama mlangoni na ndoo mkononi. Nilidhani tumeibiwa, ingawa ni mwizi gani wa kuiba panya na kuacha ndoo? Nikainama. Ndani ya kila sanduku kulikuwa na mpira wa majani, umesukwa vizuri kama kiota cha ndege mnana, na upande mmoja tundu dogo lililozibwa. Nilipoingiza kidole, nikakuta joto kama la kwapa la mtoto. Kitu kikaniuma kidogo, kwa adabu, kunijulisha kwamba nyumba ina wenyewe.

Nilimwita daktari kwa sauti iliyowatia hofu majirani. Alikuja mbio na kikombe chake. Nilipomwonyesha, aliweka kikombe chini, akafunga kipimajoto kwenye uzi na kukipenyeza kiotani. Akasoma. Akakitoa, akakipima chumba. Akakirudisha. Alifanya hivyo kwenye masanduku zaidi ya kumi.

"Wana joto lao wenyewe," alisema hatimaye. "Tukiwapa vifaa, wanajijengea. Kumbe muda wote huu tumekuwa tukiipasha joto hewa tu."

"Hewa na wewe, Daktari," mzee alisema.

Daktari alicheka, akavua koti lake kama mtu anayekubali kosa, kisha akalivaa tena haraka. Siku ile alizima hita moja. Baada ya wiki akazima ya pili wakati wa mchana. Jenereta ikapumzika kwa mara ya kwanza tangu nifike, na tukashangaa kusikia ndege.

Sitasema kila kitu kilikwenda sawa. Juni na Julai kwetu ni baridi ya kukata vidole. Majike waliozaa kwa mara ya kwanza walikuwa wazembe wa kujenga, kama wasichana wengine wanaojifunza kupika. Walitengeneza viota vyenye mapengo. Asubuhi moja nilikuta wana wa majike wawili wamekufa kwa baridi, wakiwa wekundu, wadogo kama maharagwe. Nililia waziwazi. Daktari alisimama karibu na hita, mkono kwenye swichi.

"Tukiwasha zote mbili tena, mafuta hayafiki mwisho wa mwezi," alisema. "Tusipowasha, ndio haya."

Hapo nikakumbuka jambo la nyumbani, na kwa haraka yangu ulimi ukateleza. "Daktari, kuna jiwe! Kwetu Tabaka kuna jiwe likipashwa moto linakaa na joto muda mrefu. Hata baba alipokuwa akijifungua, shangazi zangu walimfungia hilo jiwe tumboni!"

Daktari aliondoa mkono kwenye swichi. "Baba yako alijifungua?"

"Mara saba," nilisema kwa fahari.

Mzee aliyekuwa mlangoni na mzigo wa kuni aliuangusha wote. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya kuni zile, akijipiga paja. Hapo ndipo nilipotambua nilichosema. Kwa Ekegusii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Darasani nilikuwa nimechapwa kwa kosa hilo hilo, na bado likanitoka nilipochangamka. Tulipomweleza daktari, alifuta machozi kwa mkono wa sweta. Machozi yangu nayo yalikuwa yamekauka, sijui saa ngapi.

"Basi twende tukamwone baba huyu," alisema.

Tulikwenda Jumapili, kwa landrova ya kituo, kwa mafuta tuliyoyaokoa wenyewe. Mzee alikuja pia, tukamchukua njiani, maana hakutaka kusimuliwa. Tulipita Keroka na Kisii mjini, tukateremka kuelekea Tabaka. Kadiri tulivyoshuka ndivyo daktari alivyovua nguo. Tulipofika, alikuwa amebaki na shati, na uso wake umepata nuru kama wa mgonjwa aliyepona.

Machimbo yapo nyuma ya nyumba yetu. Jiwe letu ni laini, jeupe kama maziwa au jekundu kidogo kama samli iliyoungua, na vumbi lake hukaa kwenye nyusi za watu wa kwetu hata Sabato. Tata yangu, niseme baba yangu, alikuwa amekaa akichonga kiboko wa kumuuzia mfanyabiashara. Mama alitoka jikoni akifuta mikono. Daktari alimwendea moja kwa moja, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya mtu aliyejifunza somo njia nzima, "Shikamoo, baba."

Mama alishtuka, akaniangalia, akaona nacheka, akamjibu kwa heshima zote, "Marahaba, mwanangu." Kuanzia siku hiyo hakumwita jina lingine.

"Na mimi ni nani?" baba yangu aliuliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Wewe ni tata," daktari alisema.

"Huyu mtu wa pwani ana akili," baba akasema. "Mleteeni kiti."

Ilibidi nieleze tumekuja kutafuta nini. Nilikuwa sijapata kuwaambia nyumbani kwamba kazi yangu ni panya. Baba alisikiliza akiwa ameshika patasi hewani. "Kwa hiyo serikali," alisema polepole, "inataka mawe yangu yawe kitanda cha panya."

"Si kitanda, tata. Yakae chini ya sanduku. Yawape joto."

"Panya wa serikali wanalala vizuri kuliko mimi." Lakini alikuwa tayari amesimama. Alituongoza kwenye lundo la mabaki nyuma ya machimbo, vipande vilivyopasuka, vyenye mshipa mgumu au doa, ambavyo mchongaji hawezi kuvitengeneza kitu. Miaka yote vilikuwa vikitupwa huko na sisi watoto tukivirukia. Alichagua vilivyo bapa, akavigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, akavikata pembe kwa msumeno mpaka vikalingana na vitabu. Alikuwa akipiga mluzi. Sijawahi kumwona akifurahia kazi namna ile, na ilikuwa kazi ya takataka. Mama naye alimfundisha daktari kanuni mbili. Jiwe jipya lina maji ndani, likaushwe kwanza taratibu. Na kabla ya kulipeleka kwa mtoto, liweke shavuni mwako; likikuchoma, litamchoma.

Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ya kwetu, na daktari aliongezewa mara mbili. Kisha tukapakia mawe mpaka landrova ikakaa chini kama kuku anayelalia mayai.

Kanuni ya pili tuliikumbuka. Ya kwanza mzee aliipuuza. Jumatatu alichukua jiwe lililokuwa bado na unyevu, akalitupia juu ya boila lililowaka. Tulikuwa maabara tuliposikia mlipuko. Daktari aliingia chini ya meza na darubini yake kifuani. Mzee alitokea mlangoni, mweupe kwa vumbi kuanzia kofia hadi viatu, macho mawili tu yakionekana.

"Jiwe imekataa," alisema.

"Limekataa," daktari akajibu kutoka chini ya meza.

Yaliyobaki tuliyakausha kwa siku nyingi pembeni ya bomba la moshi, kabla ya kuyathubutu kwenye joto kali. Boila likimaliza kazi yake ya kuosha, sehemu ya juu ilikaa na moto mpaka jioni, na moto huo hapo awali ulipotelea hewani bure. Sasa tulipanga mawe hapo, na kabla sijaondoka jioni niliyajaribu shavuni moja moja, nikayavika vipande vya gunia na kuyasukuma chini ya masanduku ya majike wenye wana wachanga, upande mmoja tu, ili panya mwenyewe achague. Asubuhi mawe yalikuwa bado na uvuguvugu. Na wana walikuwa hai wote, wamelundikana upande wa jiwe. Niliyapitia masanduku yote mara mbili, nikatoka nje, nikaruka juu kama mtoto. Daktari aliniona dirishani. Kesho yake alizima hita hata usiku, naye pia alikuwa na jiwe lake ndani ya koti.

Ugomvi wa pekee tulioupata ulikuwa wa kuosha. Daktari, sasa akiwa ameamka kabisa, aliuliza kwa nini tunaosha sanduku ambalo halijachafuka. Mzee alichukia. Kwake usafi ulikuwa karibu na sala.

"Nikiacha kuosha, mimi ni nani hapa?"

Lakini mimi nilikuwa nimeona jambo ambalo sikuwahi kulisema. Mara nyingi, siku moja baada ya kuosha, majike waliwala wana wao. Nilidhani ni ukatili wa panya. Daktari alisema huenda ni harufu. Tukiiondoa yote, mama hajui tena kama yuko kwake. Tukajaribu. Masanduku ya nusu moja ya rafu tuliyaosha kama zamani, na ya nusu nyingine nilichora alama ya chaki, tukayaacha mpaka yachafuke kweli, nikihamisha kiota kizima kwenda sanduku jipya. Mzee alikagua mwenyewe kila asubuhi akitumaini tumekosea. Wiki ya tatu alinijia chumba cha panya, akasimama mlangoni. "Ile ya chaki haijakula mtoto hata mmoja," alisema. "Tuache kuwasumbua." Baada ya hapo boila likawashwa mara moja kwa wiki, na rundo la kuni likakaa tu, likaota uyoga. Na mzee akapata muda wa kutengeneza bustani, ambayo nitaifikia.

Kabla ya bustani, ilifika ile siku ya mwisho wa mwezi. Daktari alikuwa ameshika chupa yake kubwa. Nilisimama mbele ya rafu. Sikuwa nimepanga kusema chochote.

"Daktari, naomba kuuliza. Mwezi huu ulitumia panya wangapi?"

Alifikiri. "Wachache. Pengine rafu moja isifike."

"Na hapa tuna rafu tano. Tumewapa chakula, majani, mawe. Baba yangu amekata mawe. Kisha tunawaua bila hata kutusaidia kujua ugonjwa wa ng'ombe wa mtu. Si tungewatenga madume na majike, tuwazalishe tu wale tunaowahitaji? Wakulima huja kwa misimu. Naweza kukuandalia kwa wakati, nimeshawajua."

Aliitazama rafu moja moja hata nikadhani nimefukuzwa. Kisha akakifunga kifuniko cha chupa. "Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa naingoja siku mtu aniambie hivyo, na nilikuwa mimi mwenyewe ndiye mkubwa wa hapa." Tuliketi palepale tukagawa masanduku. Waliokuwapo wakaishi mpaka wakatumika au wakazeeka. Mwisho wa mwaka chumba cha rafu tano kilikuwa na rafu mbili, na hatukupungukiwa hata mara moja. Nilikuwa natembea kwenda chumba nilichopanga siku za mwisho wa mwezi nikiimba.

Sasa bustani. Panya waliodungwa magonjwa walikaa chumba cha peke yao, na matandiko yao tuliendelea kuyachoma hadi majivu. Hapo daktari hakuwa na mzaha. Lakini majani ya panya wazima, kwa nini yachomwe? Mzee aliyalundika nyuma ya jengo na majivu ya boila na majani ya nyasi, akayageuza, akayanyunyizia maji ya kuoshea mikono. Yalioza yakawa mboji nyeusi, yenye joto, inayonukia udongo wa msituni. Akapanda kabichi. Kabichi zile zilitokea kubwa hata akina mama waliokuja na chupa za damu walisahau ng'ombe wao na kwenda kuzizunguka wakizipima kwa mikono.

"Mnaweka nini?" mmoja aliuliza.

"Panya," mzee alisema, na mama yule akarudi nyuma hatua mbili. Ilibidi nimfuate hadi barabarani nikimweleza. Baada ya wiki alikuja na gunia kuomba mboji, akiwa na wenzake watatu. Shimo la kuchomea lilibaki dogo, na dizeli ya kulimwagia hatukuikumbuka tena.

Hatimaye mkubwa kutoka makao makuu alikuja kuona kama kituo kifungwe. Alikuwa mtu mnene mwenye suti na faili. Aliposhuka kwenye gari alisimama akisikiliza. "Jenereta yenu imeharibika?"

"Imelala," daktari alisema. "Tunaiamsha saa za darubini tu."

Tulimwingiza chumbani. Aliona hita zimezimwa, akaona masanduku yenye mipira ya majani, akauliza panya wako wapi. Nilimwomba aingize kidole. Alisita, akaingiza, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyeshikwa mkono na mtoto. Kisha akamgeukia daktari, akamtazama tumboni, palipovimba chini ya koti.

"Samahani, Daktari, wewe ni mgonjwa?"

Daktari alitoa jiwe lake akampa. Asubuhi ile ilikuwa na manyunyu. Mkubwa yule alilishika kwa mikono miwili, akalihamishia kifuani, na alikagua kituo chote, chumba kwa chumba, bila kulirudisha. Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza kuhusu chaki, kuhusu mvuke wa majani, kuhusu wale wa kudungwa. Nilimjibu mimi, kwa sababu daktari kila mara alisema, "Muulize binti, ndiye mwenye chumba." Nilisema Kiswahili kwa uangalifu mkubwa na sikumzalisha mwanamume yeyote. Alipoondoka, jiwe liliondoka naye kwenye gari, na hakuna aliyethubutu kulidai.

Barua ilifika majuma machache baadaye. Daktari aliisoma kimya kwanza, akaniachia niisome kwa sauti pale kwenye kuni. Kituo kingebaki. Wafanyakazi wa vituo vingine wangeletwa kwetu kujifunza, na mlezi wa wanyama, ndivyo ilivyoandikwa, angepelekwa kusomea kazi yake. Nilisoma sentensi hiyo mara ya pili kwa kuwa mzee alisema hajaisikia vizuri, ingawa aliisikia.

Jumapili iliyofuata tulipika. Akina mama wa mboji walikuja na maziwa ya mala, yaliyoganda, na kuku wawili, mzee alikata kabichi zake tatu kubwa kwa mkono wake mwenyewe, na tukapikia nje chini ya jua lililojitokeza kwa bahati. Wazazi wangu walikuja kutoka Tabaka. Baba aliingia chumba cha panya akakaa humo peke yake hadi tukamfuata. Tulimkuta amechuchumaa mbele ya sanduku, akigonga jiwe lake taratibu kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. "Linafanya kazi," alinong'ona, asije akawaamsha.

Nje, mzee alianzisha wimbo wa kanisani, akina mama wakauitikia wakaupandisha kasi hadi ukawa wa kucheza. Mama yangu alimvuta daktari mkono. Alicheza vibaya, miguu yake ikitafuta ngoma nyingine kabisa, na kila alipokosea mama alimrudisha kwenye mstari akimwita mwanangu. Mimi nilikuwa na bakuli la kabichi mkononi na barua mfukoni. Nilikula, nikaweka bakuli chini, nikaingia katikati.